Kompyuta Iliyojizima na Mtuhumiwa wa Karibu

Nimekuwa kimya kwa zaidi ya mwezi mmoja, na wapo walioniuliza kama nimetishwa au nimenunuliwa. Sikutishwa wala sikununuliwa. Kompyuta yangu ilikuwa inajizima, na katika kuitafuta sababu nilitenda kosa ambalo naona ni haki nilikiri hapa, kwa kuwa ni kosa lile lile ninalowalaumu nalo watawala karibu kila ninaposhika kalamu.

Ni kompyuta ya mezani, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika huko ilikotoka. Naitumia nyumbani, Mbagala, kusahihishia tasnifu na kuandalia matokeo ya wanafunzi. Mwanzoni mwa Julai ikaanza kuzimika ghafla. Haikutoa onyo wala kuandika neno kwenye kioo. Ilikata tu, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya sentensi. Mara ilidumu dakika kumi, mara saa tatu. Alama za wanafunzi zaidi ya mia mbili zilitakiwa chuoni kabla mwezi haujaisha, na kila ilipozimika niliyapoteza yale niliyokuwa sijayahifadhi.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa umeme. Mkazi wa pembezoni mwa jiji hili hahitaji ushahidi ili autie umeme hatiani. Tumeishi katika migawo ya 2006, ya 2011 na ya 2023, na ingawa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, kumbukumbu ya giza haifutiki kwa bwawa moja. Basi nikanunua stebulaiza kwa shilingi 85,000, nikachomeka humo kompyuta na friji pia, ili fedha yangu ifanye kazi mara mbili. Kompyuta ikaendelea kujizima. Na jambo la aibu ni hili: kila ilipozimika, taa ya chumba ilikuwa inawaka na feni ya darini ilikuwa inazunguka. Ushahidi huo ulikuwa mbele ya macho yangu, nami sikuujali.

Umeme ulipoachiwa huru, nikamtafuta mtuhumiwa mwingine, na sikwenda mbali. Nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alimaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, akapata chuo lakini akakosa mkopo, na mwaka huu alikuwa anaomba upya. Jioni, nikiwa sipo, aliitumia kompyuta ile kuandaa maombi yake kwa Bodi ya Mikopo. Mimi nikajiaminisha kwamba anajaza humo sinema na michezo. Usiku mmoja ilizimika nikiwa nimeingiza alama za darasa zima. Nikamwita, nikamwambia mbele ya wadogo zake maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha nikampiga marufuku kuigusa. Hakujibu kitu. Alisema tu, "Nimesikia, mjomba," akatoka.

Tangu siku hiyo alikuwa anakwenda kwa miguu hadi Rangi Tatu, kwenye duka la steshenari, na kulipia kwa fedha zake za nauli kila dakika aliyokaa mbele ya kompyuta na kila karatasi aliyoichapisha. Kompyuta nayo iliendelea kujizima, ingawa hakuigusa tena. Hata hapo sikumwita kumwambia kwamba nimekosea. Nilijiambia kwamba uharibifu alikwisha kuufanya zamani.

Hatimaye nikamwita fundi mmoja wa Tandika. Nilitazamia afungue mashine mara moja, lakini aliketi, akaniuliza: "Mwalimu, inazimika ikiwa imewaka kwa muda gani? Inakuwa inafanya kazi gani? Na ukiiwasha papo hapo, inadumu?" Sikuwa na jibu hata moja. Nimefundisha mbinu za utafiti kwa miaka mingi. Huwaambia wanafunzi kila muhula kwamba asiyekusanya data hana haki ya kuwa na hitimisho. Na mimi, katika nyumba yangu mwenyewe, nilikuwa na hitimisho mawili na sina data.

Fundi akafungua kumbukumbu ambazo Windows hujiandikia yenyewe. Humo mlikuwa na mstari mmoja uliojirudia mara nyingi, tukio namba 41, unaosema kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Ni kama cheti cha kifo kisichotaja maradhi: kinathibitisha msiba, hakisemi chanzo.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaenda chumbani kwake, akarudi na daftari la shule. Tangu siku za mwanzo, kabla sijamfukuza kwenye ile meza, alikuwa anaandika kila mara kompyuta ilipozimika: tarehe, saa, ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa inafanya nini, na nini kingine kilitokea nyumbani wakati ule. Hata baada ya marufuku aliendelea kuandika, kwa kunisikia nikilalamika kutoka chumba cha pili. Mlikuwa na matukio ishirini na matatu.

Fundi alisoma kimya, kisha akayagawa mafungu mawili. Katika matukio kumi na saba, mashine ilikuwa imefanya kazi nzito kwa muda mrefu. Ilipowashwa papo hapo haikumaliza dakika tano, ilipoachwa nusu saa ilidumu zaidi ya saa nzima. "Hili ni joto," akasema. Mimi sikuwa nimelifikiria joto kabisa, maana tulikuwa katika kipupwe. Lakini joto la kompyuta ni la ndani yake. Prosesa, ile sehemu inayofanya mahesabu yote, imewekewa kikomo. Ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kutegemea aina yake, mashine hujizima ili isiungue. Matukio sita yaliyobaki yalitokea hata mashine ikiwa baridi, na kando ya manne kijana alikuwa ameandika: "Friji limewaka." Fundi akacheka. "Mwalimu, hapa kuna wagonjwa wawili waliolala kitanda kimoja."

Aliifungua. Feni ya prosesa ilikuwa imefunikwa na vumbi lililoshikana kama sufi, na pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akasafisha, akapaka pesti mpya, akafunga vifaa vyake. Nilimwomba amalizie na ule ugonjwa wa pili. Akakataa. "Nikitengeneza vyote leo, hatutajua kipi kilikuwa kinaua. Acha kijana aandike siku nne."

Kijana akaandika. Katika siku nne kazi ndefu haikuizima hata mara moja. Friji liliizima mara mbili. Fundi akarudi na pawasaplai nyingine, akaifungua ile ya zamani na kunionyesha kapasita mbili zilizovimba vichwa. Kazi ya kapasita ni kuhifadhi chaji kidogo ili umeme ukipepesa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mashine isihisi. Zikizeeka na kukauka, hata mpepeso mdogo huizima. Friji linapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Stebulaiza nayo, inapobadili ngazi kwa ule mlio wake wa "tak", hukatiza umeme kwa kitambo kisichoonekana. Taa na feni hazikuonyesha chochote, kompyuta ikafa. Hivyo kile nilichokinunua kiwe dawa, na jinsi nilivyokitumia, kilikuwa kinaongeza maradhi.

Kosa hili lina ukoo mrefu katika nchi yetu, na mfano wake mmoja unazihusu kompyuta zenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu za Serikali uliowekwa kwenye kompyuta ulishindwa, na fedha nyingi zikapotea. Kushindwa huko kulikuwa na sababu nyingi zilizochangamana: namna mfumo ulivyobuniwa, uhaba wa wataalamu wetu wenyewe, kutegemea wageni. Kila moja ilihitaji tiba yake. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa taratibu hadi yalipoondolewa katika miaka ya 1990. Nawaelewa waliotoa amri ile. Fedha za kigeni zilikuwa chache na hasara ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, walimfukuza mtuhumiwa aliyekuwa karibu, na waliomaliza shule katika miaka ile ndio waliolipa gharama.

Hadi leo mtindo ni huo huo. Mfumo ukikwama ofisini, karani wa dirishani ndiye anayefokewa. Fedha zikipungua, mhasibu wa chini ndiye anayesimamishwa. Hasira hushuka kama maji, hutafuta palipo chini. Wala si kwamba hatuna daftari. Ibara ya 143 ya Katiba imempa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kazi ya kutuandikia kila mwaka: kilichoharibika, wapi, kwa kiasi gani. Ripoti yake hufika bungeni, nasi hubishana juu yake kwa majuma mawili, kila mmoja akitafuta humo jina la adui yake. Wachache huisoma kama fundi yule alivyolisoma daftari, akiyatenga matukio mafungu mafungu na kuuliza ni yapi yanajirudia na yanafuatana na nini.

Usiku ule fundi alipoondoka, nilimwita mpwa wangu mbele ya wale wale wadogo zake. Nilimwambia kwamba nilimdhulumu, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu kumlaumu yeye kulikuwa rahisi kuliko kuipima mashine. Sikulelewa kuona mjomba akimwomba radhi mtoto wa dada yake, na ulimi ulikuwa mzito. Nilimrudishia fedha zote alizolipa steshenari. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Yamekwisha, mjomba." Lakini kwa siku kadhaa baadaye bado alibisha hodi kabla ya kuikaribia meza ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya hapo.

Maombi yake yamekwenda, majibu bado. Matokeo ya wanafunzi yalifika chuoni kwa kuchelewa siku mbili, nami nimejieleza kwa maandishi bila kumtaja mtu mwingine. Kompyuta haijajizima tena kwa wiki tatu. Friji limerudi kwenye soketi yake ukutani. Daftari liko mezani, na kijana nimemwomba aniachie. Muhula ujao nitakwenda nalo darasani, siku ya somo la ukusanyaji wa data, na nitawaeleza wanafunzi ni nani aliyeliandika, na mwalimu wao alikuwa anafanya nini wakati likiandikwa.