Springi za Mlanzi

Mwezi Juni mwaka jana, baridi ya Mbeya ikiwa kali na ukungu umeufunika mlima Loleza mchana kutwa, nilipanda darini kukagua mbao za paa. Nilishuka na mbao mbili zilizoliwa na mchwa, na gari langu la waya. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alilipokea, akaligeuzageuza, kisha akauliza: "Babu, hili fimbo la mgongoni ni la nini?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akitania. Mtoto amezaliwa Mbeya, amekulia Forest ya Zamani, kila siku anasikia malori ya Tunduma yakipanda na kushuka, na hajui kwamba fimbo lile ndilo usukani. Kwamba unalishika kwa mikono miwili, unakimbia nyuma ya gari lako, nalo linakata kona pale unapotaka wewe.

Lingeishia hapo, lakini shangazi yake anayefanya kazi Marekani alikuwa amemtumia zawadi: gari la plastiki la kuunganisha mwenyewe, Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Gari lenyewe lina urefu wa mita tano na kidogo. Hilo la mtoto ni sentimita ishirini. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, unavikata, unavipiga msasa, unavitia gundi. Kijana alilimaliza kwa alasiri moja, akaniletea kwa furaha. Nikalisukuma mezani. Halikati kona. Magurudumu ya mbele yamegandishwa, yanatazama mbele tu.

"Ndivyo linavyokuja, Babu."

"Na petroli inaingilia wapi?"

Akalizungusha mara mbili, asione kitu. Mimi najua inapoingilia, maana nililitafuta tundu hilo siku nzima, Iringa, nikiwa mdogo kuliko yeye.

Nje ya mji, kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki aliyekuwa ameshaondoka, palikuwa na Bel Air ya 1957 imepandishwa juu ya matofali, haina hata tairi moja. Kijani kwa chini, nyeupe kwa juu, na mapezi mawili nyuma kama ya samaki. Wavulana wa Kihesa tulitembea kila Jumamosi kwenda kulitazama. Mlinzi, mzee wa Kihehe, tulimwamkia "Kamwene" kwa adabu zote, naye alituruhusu kutazama bila kugusa. Siku hiyo tulibishana juu ya tangi. Tulichunguza ubavu wa kulia, wa kushoto, nyuma ya kibao cha namba. Hakuna kifuniko popote. Jua lilipoanza kuinama mzee aliinuka, akaenda kwenye pezi la kushoto, akauvuta ule utepe wa nikeli uliosimama nyuma yake. Ukafunguka kama mlango wa kabati. Mdomo wa tangi ulikuwa humo ndani. Hakusema neno, aliufunga, akarudi kukaa.

Nasema ilikuwa 1969. Dada yangu anashikilia kuwa ni 1968, kwa sababu yeye alikuwa darasa la nne na ndiye aliyenifulia shati nililolichafua kwa kulala chini ya gari lile. Nimehesabu, nimetafuta hati, mwisho nimemwachia. Na iwe 1968.

Usukani wa gari lile ulikuwa upande wa kulia. General Motors ilikuwa na kiwanda Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu 1926, ambako Chevrolet zilifika vipandevipande ndani ya makasha zikaunganishiwa huko. Barabara Kuu ya Kaskazini ilikuja na magari ya namna hiyo kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa. Basi hata hizo Chevrolet za watu wazima zilianza kama zawadi ya mjukuu wangu, ndani ya boksi.

Kutengeneza Bel Air ya waya kulitushinda kwa muda mrefu, kwa sababu ya yale mapezi. Tulitengeneza Bedford. Watu huihesabu Bedford kuwa ya Mwingereza, lakini Vauxhall iliyoiunda ilinunuliwa na General Motors mwaka 1925, na Bedford za kwanza za 1931 zilitokana na lori la Chevrolet. Sisi hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni kwamba Bedford ina pua, na pua inatoka vizuri kwenye kopo la Kimbo ukilikata kwa ubavu.

Rangi tuliinunua Miyomboni, mjini Iringa, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu duka hilo limebomolewa na sitaki lipotee lote. Lilikuwa duka la vifaa, jembamba, refu kwenda ndani, lenye giza hata saa sita mchana. Ukivuka kizingiti ulipokelewa na harufu kabla ya mtu: tapentaini, mafuta ya taa, kamba za katani, majembe mapya yaliyopakwa grisi, na juu ya hizo zote rangi ya mafuta. Mwenye duka alikuwa Mhindi mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Simtaji jina, maana wanawe wapo. Alijua Kihehe kuliko baadhi yetu, na sisi watoto wa miguu mitupu alitupokea kwa neno moja: "Karibu, fundi."

Kopo zima la rangi hatukuliweza. Yeye alituuzia kwa kisoda. Ulikuja na kisoda chako mwenyewe, umeshakibandua lile duara la ndani, kwa sababu siku hizo lilikuwa la koki na koki hunywa rangi. Unaweka mezani senti ishirini, ile yenye mbuni. Anafungua kopo kwa bisibisi, anakoroga taratibu kwa kijiti mpaka mafuta yapande na yachanganyike, anainua kijiti, anaacha rangi idondoke mpaka kisoda kijae sawasawa na ukingo. Hakupunja hata tone. Kutoka Miyomboni hadi Kihesa ulitembea na kisoda kiganjani, umekifunika kwa jani jua lisikikaushe, na hukimbii hata mvua ikinyesha. Nikifika nyumbani bila kumwaga nilijiona mtu mzima.

Siku moja nilikwenda na lori langu ili anichagulie rangi. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalitazama chini. "Springi zake ziko wapi?" Nikamwambia ekseli nimeifunga kwa waya moja kwa moja kwenye chesesi. Akanirudishia lori na senti ishirini yangu. "Nenda kaangalie. Ukishaangalia, njoo."

Nilikwenda Ipogolo, malori yanakopumzika kabla ya kupanda kilima kuingia mjini, nikajiingiza chini ya Bedford iliyobeba mahindi. Nikaziona. Vyuma vimepangwa kama sahani, kirefu juu, kifupi chini, vimebanwa katikati kwa yubolti mbili. Nikakaa pale mpaka utingo akanivuta miguu. Nyumbani kwetu chuma chembamba cha namna hiyo hakikuwepo, lakini mlanzi ulikuwepo. Iringa kaya nyingi zina kichaka cha mlanzi kwa ajili ya ulanzi. Nilichana vipande ukiwa mbichi, nikavikunja, nikavifunga vikiwa vimekunjwa hivyo, nikavitundika juu ya moshi wa jikoni kwa wiki nzima. Mlanzi ukikaukia moshini haunyooki tena. Vipande vinne kila upande, kirefu juu, kifupi chini, nikavibana kwa waya. Nikalijaza lori kokoto, likabonyea, nikazimwaga, likainuka.

Mwenye duka alilibonyeza kwa kidole mara tatu. Rangi ya siku hiyo, nyekundu, alinipa visoda viwili kwa bei ya kimoja.

Matairi tulikata kwenye kandambili, tukichora duara kwa kopo la Kiwi. Ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli. Bampa tulizivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tukiilaza kwa ukucha mpaka isionekane mkunjo. Nimesoma kwamba Wamarekani wanaounganisha magari haya ya plastiki wana karatasi nyembamba ya metali wanayoinunua mahsusi kwa kazi hiyohiyo, na huilaza hivyohivyo.

Baba yangu alipopata kazi ya malori tulihamia Mbeya. Msomaji asiyeijua Mbeya aone jina la mtaa wa Mafiati: ni Fiat zile, za Zambia-Tanzania Road Services, zilizoanza 1966 kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Wavulana wa Mbeya hawakuijali Bedford. Kwao gari ni Fiat na trela lake, na walikuwa wamefika mbali: trela lao lilichomolewa na kuchomekwa, na kabini ya dereva ilikuwa na vioo vya nailoni. Lakini springi zao zilikuwa mpira wa tyubu, zikizidiwa mzigo zinalala hazirudi. Nilipowaonyesha za mlanzi, yule aliyekuwa kiongozi wao, Mnyakyusa mrefu kunipita kichwa, aliniambia nikae karibu naye. Urafiki wetu ulianzia hapo, na tulifanya kazi gereji moja miaka ishirini. Tulimzika mwaka juzi.

Lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, ilipokamilika, kwa fedha za Marekani na za Benki ya Dunia, tuliitumia kama uwanja wetu asubuhi kabla malori hayajaamka. Ilikuwa laini mno, magari yetu yalikimbia bila kelele.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Reli ikaja na wadogo zetu wakatengeneza treni. Scania zikaanza kuunganishwa Kibaha, nazo kwa makasha. Miaka ya themanini kopo likawa mali. Mama hakutoa tena kopo la Kimbo lichezewe, alipimia unga. Kisha vikaja vigari vya plastiki vya bei rahisi. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, vibanda vilipofunguliwa tena sikuona hata gari moja la waya likiuzwa.

Vigari hivyo vinaniudhi, nami sioni sababu ya kulificha. Havina chini. Ukivigeuza unakuta bapa la plastiki lenye mihuri, hakuna ekseli ya kweli, hakuna springi, hakuna pa kuanzia ukitaka kurekebisha. Kikivunjika siku ya pili kinatupwa mtaroni. Na linaniudhi zaidi somo la stadi za kazi. Nimeletewa gereji, zaidi ya mara tano, oda ya mzazi anayetaka gari la waya ili mwanawe akalikabidhi shuleni kama kazi ya mikono yake. Nilikataa zote. Mwalimu anajua, mzazi anajua, mtoto anajua, na alama zinatolewa. Huko ni kumfundisha mtoto kudanganya, na kumnyima kazi ambayo angeipenda.

Basi nilimwambia mjukuu wangu alete ile Bel Air, tukaibomoa.

Ilituchukua Juni yote na Julai. Tuliikata ekseli ya mbele, tukatia pini za kushonea kama pini za stelingi, sasa magurudumu yanageuka. Usukani tukauhamishia kulia. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 283. Ilikuja bila waya wa plagi hata mmoja. Tulichuna waya wa chaja ya simu iliyokufa, tukatoa nyuzi nane za shaba, nikamfundisha mpangilio wake wa kuwaka: 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda za witiri upande wa kushoto, za shufwa kulia. Aliukariri kwa usiku mmoja. Kwenye pezi la kushoto nilichonga kwa wembe utepe ule, nikautia bawaba ya uzi mwembamba. Unafunguka.

Springi za nyuma zilikuwa zimechorwa tu kwenye plastiki. Nilipotaka kuzitoa aliuliza kwa nini, wakati hazionekani. Sikumjibu. Nilimpeleka Mafiati, nikamwombea kwa dereva wa Scania aliyekuwa akisubiri mzigo. Kijana aliingia chini na sare yake ya shule. Alipotoka alikuwa na grisi mpaka shingoni, akaniambia kuna vyuma tisa, kirefu juu.

Dada yangu alitutumia mlanzi kutoka Iringa kwa basi, umefungwa ndani ya gazeti. Mjukuu alichana vipande mwenyewe, vya sentimita sita kushuka chini, vitatu kila upande, tukavitundika juu ya jiko la mkaa. Gundi ya plastiki inanuka karibu sawa na lile duka la Miyomboni, kwa hiyo jioni hizo sikuwa Mbeya peke yake.

Bel Air imekamilika. Limebaki lile la waya la darini, ambalo matairi yake yamekauka na kupasuka. Kandambili za siku hizi ni nyembamba na laini mno, zikikatwa zinapinda. Ikiwa wewe unayesoma, wa Mbeya au Iringa, una kandambili kuukuu za soli nene, hata moja isiyo na mwenzake, usiitupe. Tunahitaji sita.