Asiyekuwapo Nyumbani

Uchungu wa mwana, walisema wahenga, aujuaye mzazi. Lakini wale ndugu waliobaki nyumbani, wao huujua kwa njia gani?

Toni Morrison, katika riwaya yake Beloved (1987), anatuingiza katika nyumba moja ya Cincinnati, Marekani, mwaka 1873. Mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja. Sethe, mtoro wa utumwani, alimuua binti yake mchanga ili asirudishwe kwa bwana. Tendo lilikuwa la dakika chache. Malipo yake yameenea nyumba nzima. Wavulana wawili wamekimbia. Bibi yao, Baby Suggs, aliyezaa wanane na kunyang'anywa karibu wote, alijilaza kitandani akizitafakari rangi mpaka akafa. Denver, binti aliyesalia, anampenda mama yake na papo hapo anamwogopa. Hathubutu kuvuka ua. Na Sethe mwenyewe alinyonyeshwa na mwanamke mwengine, kwani mamake alikuwa shambani. Mamake alimwonyesha alama iliyochomwa chini ya titi, ili apate kumtambua.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, katika Gravel Heart (2017) anasimulia kwa sauti ya chini zaidi. Salim ana umri wa miaka saba baba anapohama. Kila siku mama humpelekea mumewe kapu la chakula, wala hasemi sababu. Mama yupo, ila sehemu yake moja haifikiki. Anafariki mwanawe akiwa Uingereza, na siri inabaki kusimuliwa na baba.

Mama yangu alizaa sita, tukakua watano. Wa sita hakutajwa; tuliambiwa huko ndiko kusubiri. Hata hivyo, alipotugawia mkate wa ufuta, mara nyingine alikata vipande sita, kisha kimoja akakirudisha sahanini kimya kimya. Sisi watoto tulijifunza kutokiomba.

Kwa hiyo naamini kuwa msiba usiotajwa hurithiwa. Denver anaokoka siku anapovuka ua, kwa njaa, akawaambia majirani hali ya mama yake. Ndipo wanawake thelathini wakaja kumsaidia. Subira ni sifa njema, nami siibezi. Lakini subira isiyomtaja marehemu huwaacha walio hai wakiwa peke yao.