Dogo, kifua hakina spea

Wadau, giaboksi inashuka nyumbani bila lifti. Nimeshuhudia uani kwetu: Corolla ya kaka, gia za mkono, klachi imekwisha. Vifaa vilikuwa spana, jeki mbili na magogo ya mti mgumu.

Fundi alichomoa waya wa betri, akainua gari, akalikalisha juu ya magogo. Akamwaga oili ya giaboksi, akatoa shafti za magurudumu na stata. Jeki moja, yenye ubao juu yake, ikashikilia injini, maana mojawapo ya mikono inayoibeba imefungwa kwenye giaboksi. Ukiufungua bila egemeo, injini inalala. Jeki ya pili ikapokea giaboksi yenyewe, kilo 30 na ushee, ikavutwa taratibu bila kupindishwa mpaka ikaachana na klachi.

Lakini kilichonigusa ni kingine. Kijana wake alikuja na matofali ya saruji. Fundi akayakataa: tofali hupasuka ghafla, na jeki peke yake hushuka sili ikivuja. Akamwambia, "Dogo, gari lina spea, kifua chako hakina."

Tunawasifu mafundi wetu kwa kufanya kazi bila vifaa, na wanastahili. Ila ubunifu si kubahatisha roho za vijana wanaolala chini ya tani moja ya chuma. Ukipeleka gari gereji ya chini ya mwembe, kabla ya kuuliza bei chungulia uvunguni: magari yamekalia nini?