Kamba ya babu

Wadau, samahani kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Tukuyu siku sita, nimerudi Iringa juzi usiku nimechoka hoi, na UE ziko mlangoni. Lakini hili likikaa kichwani sitasoma kitu. Ngoja nilitoe.

Kwetu salamu ni "Ugonile", yaani umelala? Babu huitikia kama watu wote. Ila sisi wa nyumbani tunajua halali, hasa radi zikianza, na Tukuyu mnaijua kwa mvua. Anakaa kwenye kiti, koti mwilini, mpaka kunakucha. Akisinzia, bibi anamwamsha kwa kumwita kutoka mlangoni, hamgusi. Nimekua nikidhani wazee wote huamshwa hivyo.

Babu alikwenda vita ya Kagera akiwa mgambo wa miaka 20. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, wapiganaji wakarudi wakashangiliwa, basi. Kiwewe cha aina hii kilipewa jina kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Yaani babu alirudi nacho hakijapata hata jina! Mtaani wao walishampa majina yao: mkali, karogwa.

Sasa muhula huu, kozi ya unasihi, kikundi chetu kikapewa mada ya tiba fupi za kiwewe. Madesa hayakuwa na kitu, tukachimba wenyewe. Kumbe mojawapo ilijaribiwa hapo jirani tu, kambi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, na Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz, akina Frank Neuner. Wakimbizi 43 kutoka Sudan, matokeo yakatoka 2004. Vikao vinne tu vya kusimulia maisha. Mwaka mmoja baadaye, katika waliosimulia, waliokuwa bado na ugonjwa ni 29%. Waliopata ushauri wa kawaida, 79%. Mwaka 2011 yakatoka matokeo mengine, ya vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari kaskazini mwa Uganda. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari, ni wenyeji wa hukohuko waliofundishwa. Hapo ndipo kichwa changu kikavimba.

Inakuwa hivi. Unatandika kamba chini, ndiyo maisha yako. Jambo jema unaweka ua, baya unaweka jiwe. Kwa wapiganaji wa zamani, kule Kongo, wakaongeza vijiti: yale uliyowatenda wengine. Kisha unasimulia kwa mpangilio, ulichoona, harufu, mwili ulivyokuwa, na huachwi katikati mpaka hofu ishuke. Msikilizaji anaandika, kikao kinachofuata anakusomea. Hofu isiyo na tarehe hurudi kila radi ikipiga kama vile ni leo. Ikipata tarehe na mahali, inaanza kuwa ya zamani.

Siku ya nne nikamweleza babu yote haya, kwa kujisifu tu, msomi kaja nyumbani. Akasikiliza, akasema, "Lete kamba."

Nikaleta ya ng'ombe. Akaweka ua la kuzaliwa, ua la shule, jiwe la kufiwa na mama yake. Halafu akatoka nje, akarudi na jiwe kubwa kwa mikono miwili.

"Hapa Lukaya. Machi. Maroketi ya Walibya yakavuma, sisi mgambo tukatawanyika kwenye matope. Kuna mwenzangu..."

Akanyamaza. Mikono ikaanza kutetemeka. Na mimi niliyepata A ya presentesheni nikasema, "Babu, tupumzike kwanza." Kwa kweli niliogopa. Usiku ule hapakuwa na mvua lakini alikaa kitini. Siku ya sita nikapanda basi.

Wadau, msijaribu. Mwalimu wetu hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa hivi nani anamsikiliza?" Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya ina watu wa magonjwa ya akili, ila babu akisikia hivyo anawaza Mirembe.

Jana nimepiga simu, kapokea bibi. Kamba bado iko sebuleni, babu kakataza isiguswe. Pembeni ya lile jiwe kubwa ameweka kijiti.

"Mjukuu wangu, kijiti maana yake nini?"

Nikamwambia nakuja. Bumu likitoka tu, naja.