Karatasi ya Mito

Nilikuwa darasa la nane, na hati yangu ilisomeka. Ndiyo maana wazee waliniita barazani Kapsokwony, mwaka 1962. "Keti hapa, mjukuu wangu," babu akaniambia. "Andika tunayosema. Usiongeze lako."

Tangu Februari hadi Aprili viongozi wetu walikuwa London, Lancaster House, wakijadili katiba na Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling. Chama cha KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilitaka majimbo. Waliporudi ikajulikana kwamba majimbo yatakuwapo, na kwamba kuna tume itakayochora mipaka yake. Kwetu Mlima Elgon jambo hilo halikuhitaji mhubiri. Sisi Wasabaot tulihesabiwa katika wilaya ya Elgon Nyanza pamoja na Wabukusu na Wateso, tukiwa wachache. Wazee walitaka Bonde la Ufa, kwa Wakalenjin wenzetu. Siwalaumu majirani: binti yangu ameolewa Kimilili, na wajukuu wangu ni Wabukusu.

Tena kulikuwa na habari iliyowatia moyo wazee. Ng'ambo ya mlima, Uganda, ndugu zetu Wasebei walikuwa wametengwa na Bugisu mwaka huohuo, wakapata wilaya yao. Watu wenye mashemeji kule walishuka na habari hiyo kama mtu aliyebeba asali.

Karatasi ya kwanza na ya pili za maombi yetu kwa tume zilienda haraka. Ya tatu ndiyo ninayoikumbuka. Mzee mmoja, aliyezaliwa Trans Nzoia kabla ya walowezi kugawiwa mashamba, alianza kutaja mito ambako ng'ombe wa babake walikunywa maji. Niliandika kwa kusikia tu, maana majina mengine sikuwahi kuyaona yameandikwa. Kila nilipomaliza moja alinitaka nilisome, naye akitikisa kichwa nalifuta. Karatasi ikajaa mito. Mtu akasema tume haitakuwa na haja nayo. Babu akasema, "Iache."

Mwishoni mwa mwaka majibu yakaja. Tukawekwa Jimbo la Magharibi. Trans Nzoia ikawekwa Bonde la Ufa. Watu huku, malisho ya baba zao kule. Habari tulizosikia redioni zilikuwa za Kitale, mji wa Trans Nzoia: Masinde Muliro akiitaka iwe Magharibi, Daniel arap Moi akiivuta Bonde la Ufa, na wote wawili ni wa KADU. Yule mzee wa mito aliuliza mara moja tu kama karatasi yake ilifika. Nilimjibu ilifika. Nilijua imetumwa, zaidi ya hapo sikuwa na uhakika, na uongo ule bado unaniuma.

Mwaka 1963 ulipita mbio: madaraka Juni, Lancaster House tena Septemba na Oktoba, bendera tarehe 12 Desemba. Mwaka mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakafutwa, lakini sisi tukabaki Magharibi. Wilaya ya Mlima Elgon ilipoundwa mwaka 1993, na makao yake hapahapa Kapsokwony, babu alikuwa kaburini.

Hatukubaki na nakala ya karatasi ile. Lakini nikisafiri kwenda Kitale, gari likivuka daraja la mmoja wa mito ile, jina lake naliona kwanza kwa hati yangu, pamoja na ile herufi aliyonifanya niifute mara mbili.