Bustani ya Ndege Isiyo na Ukuta

Sisi tuliozaliwa Ugogo na Unyaturu tumefundishwa kazi moja tu juu ya ndege, nayo ni kuwafukuza. Mtama na uwele ukianza kukomaa, watoto hupanda ulingoni tangu alfajiri wakaamia shamba kwa kombeo na makelele. Adui ni kwelea kwelea. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini kwa siku moja aweza kula gramu 10 za nafaka. Basi kundi la ndege 1,000,000 hula tani 10 kabla ya jua kutua. Kwa hiyo nilipomweleza mjomba wangu wa Singida ya kuwa wako watu walipao fedha ili kutazama ndege, alinitazama kama mtu aliyeshikwa na homa.

"Mjomba," akaniambia, "huyo alipaye hakuamia shamba utotoni mwake."

Jioni ile tulikwenda ziwa Kindai, ambalo pamoja na lile la Singidani limeuweka mji wa Singida katikati. Maji yake ni ya chumvi na hayana kina kirefu. Heroe walikuwapo, wamesimama kama mstari wa waridi mbele ya mawe makubwa. Heroe hula kichwa chini, akichuja kwa mdomo wake viumbe vidogo vya majini vyenye rangi ya kijani, na chakula hicho ndicho kimpacho rangi yake. Kifaranga huwa wa kijivu. Husafiri usiku. Leo wapo, kesho ziwa ni tupu. Katika Afrika Mashariki heroe wadogo huzaliana kwa kawaida mahali pamoja tu, ziwa Natron, juu ya vichuguu vya tope, yai moja moja. Wakiharibiwa huko, hapana shaka sisi wa Singida tutatazama maji matupu.

Bustani hii haikujengwa na mtu, wala haina ukuta. Lakini inao wenyeji, na hapo ndipo nilipobishana na mjomba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu zilizo za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema, lakini jembe halisomi sheria. Mwenye kulima ukingoni aambiwa aache, naye hapewi kitu badala yake.

Nikamtajia hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya. Huko pana daraja jembamba la mbao na kamba, lipitalo katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege wa pwani, wengine wao watokao Ulaya na Asia. Wageni hulipa kiingilio. Mpango uitwao ASSETS, ulioanza mwaka 2001, hutumia fedha hizo, pamoja na za wafadhili, kusaidia karo za watoto wa sekondari wakaao kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwetu karo iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hata cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari na nauli havikuondolewa, kama ajuavyo kila mzazi asomaye gazeti hili.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ni kubwa kuliko yangu yote:

"Na sanduku la fedha atalishika nani?"

Nikamjibu, watu wa ukingoni wenyewe, na hesabu isomwe mkutanoni kwa sauti, kila mtu akisikia. Akasema mkutano huo anaujua, huanza saa nne na watu hufika saa saba.

Hajakubali bado. Ila ameniagiza nije likizo ijayo na daftari, nihesabu heroe wa Kindai asubuhi saba mfululizo, ndipo tuzungumze habari za kiingilio.