Maneno Yanayochanua na Kupukutika

Kwa muda mrefu niliamini kwamba msamiati wa lugha ya kigeni hujazwa kama mtungi: kata moja leo, kata moja kesho, hadi ufurike. Orodha ndiyo ilikuwa njia, na kila neno lilikuwa na uzito sawa na mwenzake. Kijapani ndicho kilichonitoa kwenye imani hiyo, hasa maneno ya msimu wa sakura, maua ya mcheri ambayo Tokyo huchanua katika nusu ya pili ya Machi na kwisha kabla Aprili haijafika mbali. Leo nashikilia kwamba neno hukaa kwa mtu anapolijua pamoja na wakati wake na jirani zake, na kwamba msimu huo mfupi humpa mwanafunzi vyote viwili.

Tazama mpangilio wake. Huanza “tsubomi”, tumba lisilofunguka. Hufuata “kaika”, maua ya kwanza, kisha “mankai”, mti uliochanua wote. Upepo ukipeperusha petali kama tufani ya theluji, hiyo ni “hanafubuki”. Petali zikitanda majini na kuelea kama chelezo, ni “hanaikada”. Mwisho hubaki “hazakura”, mcheri uliokwisha kuvaa majani mabichi. Baridi ikirudi ghafla katikati ya siku hizo, nayo ina jina: “hanabie”. Mswahili hana sababu ya kuona ajabu. Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na mpishi wa Pwani aliyeagiza nazi hapokei dafu. Tuna mpunga, mchele na wali. Wajapani nao wana “ine”, “kome” na “gohan”. Lugha hupambanua kwa makini kile ambacho wenyewe huishi nacho.

Vitenzi vilinishawishi zaidi. Kwa mapokeo ya Kijapani, kila ua lina namna yake ya kuaga. Sakura “chiru”, hupukutika. Maua ya ume, mti wa jamii ya mplamu, “koboreru”, humwagika. Botan, ua kubwa lenye petali nyingi, “kuzureru”, huporomoka. Tsubaki, ndugu wa mchai, “ochiru”, huanguka zima likiwa bado na rangi yake. Tafsiri ya haraka ingeandika “kuanguka” mara nne, ilhali Kiswahili kina kila tofauti hiyo: majani hupukutika, maji humwagika, ukuta huporomoka. Hata “hirahira”, kiigizi cha petali inayoshuka ikigeukageuka, kinapata wenzake kwetu, ambako kitu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Anayejifunza Kijapani kwa kupitia Kiswahili, bila kupita kwanza katika lugha ya tatu, ana mtaji asioujua.

Maneno hayo pia yana umri, na umri ndio usioonekana kwenye orodha. “Hanami” ni hana, ua, na mi, kutazama. Katika karne ya 8, ua lililopendwa zaidi na watu wa makao ya kifalme kule Nara lilikuwa ume, lililokuja na ustaarabu wa China. Katika Man'yōshū, diwani ya zama hizo, mashairi ya ume ni zaidi ya mara mbili ya yale ya sakura. Mwaka 812 Mfalme Saga aliandaa karamu ya maua ya mcheri mjini Kyoto, na kufikia karne ya 10 neno hana, likisimama peke yake katika ushairi, lilikuwa sakura. Katika karne ya 18 shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune alipandisha micheri kwenye kilima cha Asukayama, Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na starehe ya wakuu ikawa pia ya wachuuzi na mafundi. Kisha ukaja Somei-yoshino, mcheri wa kijiji cha Somei, ulioenezwa nchini kote kwa kubebesha. Miti yake yote ni nakala ya mmoja, kwa hiyo iliyo mahali pamoja huchanua kwa pamoja. Ndipo likawezekana neno “sakura zensen”, mstari wa mbele wa sakura, unaopanda kwenye ramani kutoka Kyushu hadi Hokkaido. Kisu cha mkulima kilitangulia, neno likafuata.

Wapo watakaosema haya ni mapambo, kwamba mgeni anahitaji maneno ya treni na ya duka. Hoja hiyo ni ya haki, lakini jibu limo ndani ya maneno yenyewe. “Man” ya mankai, yaani kujaa, ndiyo ya “man'in”, treni iliyojaa watu, na ya “manten”, alama zote katika mtihani. “Kai” ya kaika, kufungua, ndiyo ya “kaiten”, kufungua duka. “Zensen” husikika kila siku katika habari za hali ya hewa. Chai iliyomwagika mezani ni koboreru, na nyumba iliyobomoka kwa tetemeko ni kuzureru. Mti mmoja unakufikisha stesheni, dukani na jikoni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Sakura iliwahi kutumikishwa. Vijana walifundishwa kwamba kufa vitani ni kupukutika kama ua, na ndege iliyoundwa ili rubani afe nayo, iliyotumiwa vitani mwaka 1945, iliitwa Ōka, ua la mcheri. Je, si hatari kumfundisha mgeni uzuri huo? Naona hatari iko katika kuufundisha nusu. Mti ambao Idara ya Hali ya Hewa hutumia kutangaza kaika ya Tokyo, pale maua matano au sita yanapofunguka, umesimama ndani ya Yasukuni, hekalu la wafu wa vita. Anayejua chiru bila kujua hilo amejifunza sauti tu.

Na msimu wenyewe unahama. Mwaka 2021 Kyoto ilifikia mankai tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu ambazo mtafiti Yasuyuki Aono alizikusanya kuanzia karne ya 9. Picha iliyozoeleka, ya mtoto akiingia shule mwanzoni mwa Aprili chini ya maua, inazidi kuachana na kalenda. Miaka mingine watoto wa Tokyo hupokewa na majani. Aliyekariri kwamba sakura ni ua la Aprili amebaki na neno lililopitwa na siku. Aliyejifunza kwa kufuata mti, kutoka tumba hadi jani, atatazama juu siku hiyo ya shule na kuuita mti kwa jina lake la sasa: hazakura.